Kopo la Mama Mkwe

"Bibi, mbona leo unalizungusha kopo?"

Hilo ndilo swali nililomuuliza Bibi Orpha Ledford nikiwa bado na mapengo mawili mbele, nimesimama juu ya kigoda jikoni kwake, unga umenijaa mpaka kwenye nyusi. Alinitupia jicho la kuangusha mti, akasema, "Junie, nenda ukaangalie kama kuku wametaga."

Mayai tulikuwa tumeshayaokota asubuhi ile, mimi na yeye. Nikaenda hivyo hivyo. Swali langu nililiacha mezani, na mgeni aliyekuwapo alilisikia.

Bibi Orpha si bibi yangu wa damu. Nyumba yake na yetu zinatazamana ng'ambo ya kijito, hapa bondeni Laurel Bottom, milimani Carolina Kaskazini. Mama yangu hufanya kazi ya zamu kiwandani, kwa hiyo nimelelewa nusu na mama, nusu na harufu ya jiko lile. Bibi ni mwembamba kama mpini wa ufagio, na bonde zima likinunua maziwa dukani, yeye bado anafuga ng'ombe mmoja. Kila ng'ombe anayemfuga humwita Pansy. Huyu wa sasa nadhani ni Pansy wa sita. Malai yake anayasukasuka mwenyewe barazani mpaka siagi ishikane, na ule mtindi unaobaki anauweka kwa ajili ya biskuti.

Nikisema biskuti, sisemi zile kavu za pakiti za kuchovya kwenye chai. Biskuti ya kwetu ni kimkate cha duara, kirefu kwenda juu, kinaliwa moto, ukikipasua kinaachana tabaka kwa tabaka na moshi unakupiga usoni. Mtu asikutishe kwamba ni kazi ngumu. Unga laini wa ngano, ule unaojiumua wenyewe. Siagi baridi, baridi kweli, unaivunjavunja ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka mabonge yawe kama mbaazi. Mtindi unaumimina katikati, unakoroga kidogo tu. Ukizidisha umeoka jiwe. Unaligonga donge kwa kiganja, unalikunja, unaligonga tena, unalikunja tena. Kisha unakata, unazipanga kwenye kikaango cha chuma zikiwa zimegusana mabega, maana zikigusana husukumana kwenda juu. Oveni iwe kali. Zikitoka, siagi nyingine juu yake, ya kuyeyuka. Basi. Tangu uanze mpaka ule, hata kahawa haijapoa.

Sasa, la kukatia. Bibi Orpha ana kopo la bati lililotobolewa pande zote mbili, limebaki kama bangili, ukingo umekuwa mkali kwa miaka ya kukata. Hilo lilikuwa la mama mkwe wake, Mama Ocie. Na sheria ya kopo ni moja: likandamize wima, liinue wima. Usilizungushe hata kidogo. Ukilizungusha, ubavu wa donge unajibana na kujifunga, na biskuti haiumuki. Inabaki fupi, imeinama upande mmoja kama mtu anayeumwa na jino.

Hiyo ndiyo sababu nilishangaa. Aliyenifundisha sheria ile ni yeye, na siku ile, mbele ya mgeni, alikuwa anazungusha kama anayefunga kifuniko cha chupa.

Haya yanayofuata niliyapata vipande vipande, maana mimi ni mtu wa kuuliza, na watu huchoka wakajibu.

Mama Ocie Ledford alikuwa na watoto wawili, Verna na mdogo wake Doyle. Kwa kawaida kopo lingekuwa la Verna. Lakini Verna alikuwa na mikono ya moto. Si maneno ya kusema tu. Kuna watu viganja vyao vina joto, wakishika siagi inayeyuka kabla haijafika kwenye unga. Mama Ocie alimfukuza jikoni tangu akiwa mtoto. "Toka, Verna, utaniharibia siagi." Kisha Doyle akaoa Orpha, msichana wa mlima wa pili, mikono baridi kama chura. Siku ya tatu ya ndoa Mama Ocie akampa mkwe kopo mbele ya binti yake. Verna alikuwa anaosha vyombo. Wanasema hakugeuka, ila sahani moja ilivunjika.

Mama Ocie akafa. Verna, aliyekuwa ameolewa na shemasi Crisp juu ya kilima, hakuwahi tena kula biskuti ya mama yake ila kwa mkono wa wifi yake. Hebu fikiria uchungu huo.

Halafu ikaja baridi ile, kabla mama yangu hajazaliwa. Barabara iliganda ikawa kioo. Jioni moja Verna alimpigia kaka yake simu: pampu ya maji imeganda, shemasi hayupo, njoo. Doyle akachukua sanduku la vifaa, akapanda lori lake. Kwenye kona ya kupandia kwa akina Crisp lori liliteleza likaingia korongoni. Wakamtoa asubuhi.

Kwenye mazishi, nyumba ya Orpha ilijaa watu na sahani zao. Orpha alikuwa ameamka alfajiri akaoka biskuti, si kwamba aliombwa, mikono yake haikujua kufanya kingine. Aliziweka mezani. Hapo ndipo Verna aliposimama.

"Kaka yangu amekufa kwa ajili ya siagi!" alipiga kelele. "Huyu hapa alimtuma siagi, barabara ikiwa barafu tupu! Kwa ajili ya biskuti zake!"

Akalichukua sinia, akatoka nalo barazani, akawamwagia mbwa. Watu walisimama wakiangalia mbwa wakila. Mmoja alicheka, si kwa ubaya, kwa kuchanganyikiwa. Bibi Orpha anamjua ni nani mpaka leo, na hamuuzii mayai.

Sasa jiulize kama nilivyojiuliza mimi. Mtu mwenye ng'ombe zizini na siagi imejaa bakuli, amtume mume siagi kwenye barafu, aende wapi? Na sanduku la vifaa lilikuwa la kubebea siagi? Na lori lilipatikana kwenye kona ya nani? Bonde zima lilikuwa na macho. Lakini aliyekuwa na trekta la kufagia theluji kwenye barabara za watu ni shemasi Crisp, mume wa Verna. Watu wakachagua barabara.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza Bibi.

"Nikisema mimi, ni maneno ya mjane. Akisema yeye, ni ukweli." Alikuwa anamkamua Pansy, maziwa yaligonga ndoo chwa, chwa. "Nataka aseme mwenyewe. Palepale kanisani, mbele ya watu walewale, kwa mdomo uleule. Mpaka siku hiyo hakuna Crisp atakayetia biskuti ya Mama Ocie kinywani. Atakula mkate wa dukani mpaka ashibe upepo."

Na alimaanisha. Kila Agosti kanisa letu lina Jumapili ya Marejeo. Waliohama wanarudi, makaburi yanasafishwa, meza ndefu zinapangwa nje kando ya makaburi, na kila nyumba ina sahani yake inayojulikana: wa kuku ni wa kuku, wa maharage ni wa maharage. Ya biskuti ilikuwa ya nyumba ya Mama Ocie tangu kanisa lijengwe. Baada ya mazishi yale mahali pa biskuti palibaki wazi. Bibi Orpha alikuja kila mwaka, akakaa mwisho wa benchi, karibu na kaburi la Doyle, mikono mapajani. Hakuleta kitu. Hakula kitu. Alikuwa anamwangalia Verna anavyopaka siagi kwenye mkate wa nailoni.

Hapo ndipo anapoingia Kendra, yule mgeni wa jikoni. Kendra alikuwa ameolewa na Garland, mwana wa Verna. Mtu wa Ohio, mpole, wa kusema samahani hata kwa mlango. Siku ile alikuja amebeba bakuli tupu.

"Bibi Orpha, mama mkwe ameniagiza. Anasema wewe peke yako unazijua biskuti za mama yake. Anaomba unifundishe."

"Anaomba?" Bibi alisema. "Kuja kunataka miguu, kuomba kunataka mdomo. Kwa Verna kimeharibika kipi?"

Kendra akawa mwekundu mpaka masikioni. "Samahani. Hakusema anaomba. Alisema, 'Nenda kamwambie.'"

"Ahaa. Huyo sasa ndiye wifi yangu." Bibi Orpha akavuta bakuli la unga. "Nawa mikono, binti. Hebu nishike. Baridi. Vizuri, Mungu kakunyima mume mwenye akili, kakupa viganja."

Alimfundisha yote. Siagi baridi, mabonge ya mbaazi, kukunja na kukunja tena. Hakuficha hata chumvi. Mpaka alipofika kwenye kopo. "Unakandamiza hivi, halafu unazungusha hivi, kama unafunga chupa. Barabara." Na mimi juu ya kigoda nikafungua kinywa changu chenye mapengo.

Mwezi uleule ilikuwa Marejeo. Mahali pa biskuti pakapata sahani, jina la Crisp limebandikwa chini kwa utepe. Verna alikuwa ameketi nyuma yake kama malkia. Kitambaa kilipofunuliwa, zilikuwa fupi, zimeinama huku na huku kama walevi wanaotoka harusini. Verna aliuma moja. Alitafuna muda mrefu.

"Si za Mama," alisema.

"Nimefanya kila kitu alichonionyesha," Kendra alinong'ona.

"Basi ni mikono yako. Mikono ya watu wa kuja."

Mwisho wa benchi, Bibi Orpha alifungua mkoba, akatoa peremende, akaanza kuifyonza taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone anakula chochote pale.

Ikawa hivyo kila Agosti. Biskuti fupi, Verna anatafuna, "Si za Mama," Kendra anainamisha kichwa. Baada ya miaka kadhaa watu walianza kutania: wakiona kitu kimepinda, ukuta au mguu wa meza, wanasema kimekuwa cha kina Crisp. Verna alisikia. Lakini hakuweza kulijua kosa, kwa sababu aliyefukuzwa jikoni angelijulia wapi? Na kuja kuuliza mwenyewe hakutaka.

Mimi nilikuwa namhurumia Kendra. Mpaka majira ya baridi yaliyopita, nilipokwenda kumlelea watoto jioni, akaniambia, "Kula, Junie, kabla hujaondoka," akanifunulia kikaango. Nilibaki mdomo wazi. Biskuti zilikuwa ndefu, zimesimama wima, ubavu wake tabaka tupu.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Uliuliza swali zuri siku ile. Nilifika nyumbani nikajaribu, nusu kwa kuzungusha, nusu bila."

"Siku ileile? Sasa hizi za kanisani?"

"Za kanisani nazungusha."

"Lakini anakutukana mbele ya watu!"

Kendra, mtu wa samahani, alipaka siagi yake polepole mpaka pembezoni. "Siku ya harusi yangu mama mkwe alimwambia Garland kwamba kwa pesa ya karamu ile angempata bora zaidi kwenye mnada wa ng'ombe. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na shela kichwani. Acha anitukane. Anatukana akiwa na njaa."

Nilivuka kijito mbio nikamwambia Bibi Orpha. Alicheka mpaka akashika meza, akajifuta macho kwa aproni. "Kumbe tulikuwa wawili," alisema. "Na mimi nilidhani namwonea mtoto wa watu."

Mwaka huu Verna hakuwa Verna tena. Moyo umechoka, anatembea kwa kushikilia kile kifaa cha magurudumu, Garland nyuma yake kama kivuli. Mwezi wa sita alisema kwenye kipindi cha maombi, mbele ya kina mama wote, kwamba kuna kitu kimoja tu anachokitamani kabla hajaondoka, na ni biskuti ya mama yake. Kina mama walimgeukia Bibi Orpha. Bibi Orpha aligeuza ukurasa wa kitabu cha nyimbo.

Asubuhi ya Marejeo aliniita. "Njoo ukate."

"Tunazungusha?"

"Leo kata wima."

Nilikata wima. Zilitoka ndefu kuliko zote nilizowahi kuziona. Mbili ziliegemeana zikataka kuanguka kwa urefu wake. Alizifunika kwa kitambaa cha Mama Ocie, tukaenda.

Alipopita kati ya meza na lile sinia, mazungumzo yalikufa meza baada ya meza. Alikuwa hajawahi kuleta kitu tangu mazishi. Alifika mbele ya Verna, akaweka, akafunua. Ule moshi wa siagi ulipanda. Nilimwona Verna anafumba macho. Akanyoosha mkono.

Bibi Orpha akaweka kiganja chake juu ya sinia. "Kwanza niambie, wifi. Siagi ya biskuti hizi imetoka wapi?"

"Orpha, mimi ni mgonjwa."

"Naona. Siagi imetoka wapi?"

Verna alitazama kulia, akatazama kushoto. Wote walikuwapo, wale wazee waliobaki, na watoto wao, na wajukuu waliotoka mbali. "Kwa ng'ombe wako," alisema.

"Na wakati ule nilikuwa na ng'ombe?"

"Ulikuwa naye."

"Nimekuwa mzee, sisikii vizuri."

"Ulikuwa naye!" Sauti ilimpasuka. "Ulikuwa na ng'ombe, ulikuwa na siagi, hukumtuma popote. Mimi nilimwita. Pampu yangu. Nilimwambia asipokuja asiniite dada." Magurudumu ya kile kifaa yakawa yanagongana na mguu wa meza. "Ningesemaje, Orpha? Pale, na jeneza liko sebuleni? Ningesemaje?"

"Hivyo hivyo ulivyosema sasa."

Yule mzee aliyecheka barazani miaka ile alivua kofia yake, sijui kwa nini, akabaki ameishika.

Bibi Orpha akachukua biskuti moja, akaipasua, akala. Alikula yote, amesimama, hana haraka, akilitazama kaburi la Doyle. Kisha akampa Kendra sinia. "Zungusha kwa watu, mwanangu. Hili unaruhusiwa kulizungusha."

Sinia likaenda meza kwa meza. Watu walichukua kwa aibu, kama wanaochukua sakramenti wasiyostahili, lakini walichukua. Mimi nilichukua mbili. Liliporudi kwa Verna lilikuwa limebaki na moja.

Verna akanyoosha tena mkono. Bibi Orpha aliiwahi. Akapiga mluzi. Mbwa wa Garland, mzee mwenye masikio marefu, akatoka chini ya lori akija anajikokota, na Bibi Orpha akainama, akamwekea biskuti ile mbele ya miguu ya Verna, polepole, kama anayemwekea mgeni wa heshima. Mbwa aliimeza kwa mara mbili, akalamba majani.

"Mama!" Garland alisema, sijui akimwita nani kati yao.

Verna alikuwa anamtazama mbwa. Nilidhani atalia au ataanguka. "Wale wa siku ile nao," alisema mwishowe, "walilamba mpaka mbao za baraza."

"Najua," Bibi Orpha alimjibu. "Nilikuwa nimesimama palepale."

Akakunja kitambaa cha Mama Ocie mara nne, akakitia mkobani, akaniambia, "Twende, Pansy anangoja."

Tulishuka barabara ya kanisa kwa miguu. Kwenye ile kona alisimama kidogo, akatazama chini korongoni, ambako sasa ni miti tu, kisha akaendelea. Mimi nilikuwa na maswali mengi kiasi kwamba yalikuwa yananisukuma meno. Kendra angempikia Verna baadaye, nyumbani, bila kuzungusha? Angemficha Bibi? Je, ile moja ilikuwa ya haki, au ilikuwa zaidi ya haki? Hayo yote nikayaacha. Nikarudi kwenye lile la kwanza, ambalo nilikuwa nimelibeba tangu siku za mapengo.

"Bibi, siku ile Kendra alipokuja. Ungeweza kumfukuza tu. Kwa nini ulimfundisha yote, halafu ukalizungusha kopo?"

Safari hii hakunituma kuangalia kuku. Alitembea hatua kadhaa, akipangusa makombo kwenye kifua cha gauni.

"Ningemfukuza, Verna angesahau," alisema. "Mimi nilitaka awe na njaa, na aione sahani. Aliyeshiba haungami, Junie."